Mchagulie Mpinzani: Namna ya Kuishi na Kufanya Kazi na Mtu Asiyekubali Kushindwa

Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alichomoka mbele tangu mwanzo wa fainali ya mita 1500. Wakimbiaji wa masafa hayo wamezoea kuviziana mizunguko miwili mitatu, kisha kufyatuka mwishoni. Bayi hakutaka kuviziana. Alifungua pengo na kulilinda, John Walker wa New Zealand akamfukuza mbele ya watu wa kwao hadi mita za mwisho, na Bayi akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia. Walker aliyeshika nafasi ya pili, kwa 3:32.52, naye alikuwa ameipita rekodi ya zamani.

Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal, zikipinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Bayi hakuwapo uwanjani. Walker alichukua dhahabu ya mita 1500 kwa 3:39.17, zaidi ya sekunde sita nyuma ya muda aliokimbia alipokuwa akimfukuza Bayi. Hakuwa amechuja: mwaka mmoja kabla alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya maili. Safari hii hakukuwa na mtu mbele wa kumlazimisha.

Watu wasiokubali kushindwa hawaishi viwanjani tu. Yupo ofisini kwako, yule anayejibu kabla swali halijaisha. Yupo kwenye kikoba, kwenye bodi ya shule, kwenye familia ya mume au mke. Pengine ndiye bosi wako, au ndiye wewe. Tabia yake inachosha, na wengi wetu tuna dawa moja tu ya kumtibu: kumpunguza kasi. Tunamwambia atulie, aache kiherehere, awape wengine nafasi. Naona dawa hiyo inapoteza kipaji na haiponyi chochote. Kinachosaidia ni kumchagulia mpinzani anayestahili na kumwonyesha mstari wa mwisho uko wapi. Ukilifanya hilo vizuri, wanaomzunguka nao watakimbia kuliko walivyodhani wanaweza.

Kichwani mwake kuna nini

Anza kwa kuelewa kwamba mtu huyu anapima saa zote. Akiingia kikaoni, kabla hajavuta kiti ameshaona nani anasikilizwa, nani anapuuzwa na yeye yuko wapi katikati yao. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Kutojua nafasi yake kunamkosesha raha kuliko hata kujua kwamba yuko chini, kwa sababu aliye chini anaweza kupanda. Ndiyo maana sare inamuudhi, na sifa za jumla kama "nyote mmefanya vizuri" zinamwingia sikio hili na kutokea lile.

Anaamua haraka. Kwake, kuchelewa ni aina ya kushindwa, na uamuzi mbaya unaweza kurekebishwa njiani. Huu ni ujasiri wa kweli na una faida zake, hasa siku ya dharura, wakati wengine bado wanatafutana kwa simu.

Halafu anasukuma. Hili ndilo linaloumiza watu wengi, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Anapopinga wazo lako kwa sauti kubwa, mara nyingi anataka kujua kama wewe mwenyewe unaliamini. Ukirudi nyuma, ameshapata jibu: hukuwa na uhakika, na kuanzia leo atakupita. Ukisimama kwa utulivu ukaeleza sababu, utashangaa kuona anakuheshimu, na wiki ijayo anakutetea mbele ya wengine. Wengi wanaomchukia ni wale waliorudi nyuma siku ya kwanza wakamwachia uwanja.

Akishinda, hafurahi kwa muda mrefu. Jioni ya ushindi tayari anawaza linalofuata. Akishindwa, atafanya moja kati ya mambo matatu: atadai mechi ya marudiano, atatafuta sababu nje yake mwenyewe, au atahama mchezo na kutangaza kwamba ule wa kwanza haukuwa na maana. Jifunze kutambua lipi kati ya hayo matatu ni kawaida ya mtu wako. Litakuambia mengi kuliko maneno yake.

Usichanganye kujitokeza na kuweza

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo viongozi wengi wanakosea bila kujua.

Mwaka 2009 watafiti Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walichapisha utafiti walioufanya katika jamii mbili: Wamaasai wa Tanzania, ambako mali na urithi vinafuata upande wa baba, na Wakhasi wa kaskazini-mashariki mwa India, ambako vinafuata upande wa mama. Kazi waliyowapa watu ilikuwa rahisi: kurusha mipira ya tenisi kwenye ndoo iliyo mbali kidogo. Kila mtu alichagua namna ya kulipwa. Angeweza kulipwa kiasi fulani kwa kila mpira uliotumbukia, au kulipwa mara tatu ya kiasi hicho kwa sharti kwamba amshinde mtu mwingine asiyemwona. Kwa Wamaasai, asilimia 50 ya wanaume walichagua kushindana, na wanawake asilimia 26. Kwa Wakhasi mambo yaligeuka: wanawake asilimia 54, wanaume 39.

Kwa hiyo hamu ya kushindana, ambayo tunaizungumzia kana kwamba mtu amezaliwa nayo damuni, inalelewa pia na jamii. Tena haifungamani na uwezo. Miaka miwili kabla ya hapo, Muriel Niederle na Lise Vesterlund walikuwa wamewapa wanaume na wanawake nchini Marekani hesabu za kujumlisha. Uwezo wao ulikuwa sawa. Walipoambiwa wachague, asilimia 73 ya wanaume waliingia mashindanoni, na wanawake asilimia 35 tu. Wapo wanawake hodari waliobaki nje, na wapo wanaume wa kawaida walioingia wakapoteza.

Sasa fikiria unavyogawa kazi. Unauliza kikaoni, "Nani ataongoza mradi huu?" Mkono wa kwanza kuinuka ni wa yule yule, nawe unauchukua kama ushahidi kwamba anafaa zaidi. Ulichokiona ni mkono. Hukuona kazi. Kabla ya kuuliza swali kama hilo, angalia rekodi za miezi iliyopita: nani alimaliza kwa wakati, nani alirudiwa na wateja, nani aliokoa mambo bila kupiga kelele. Kisha wafuate mmoja mmoja, umwambie kila mmoja umeona nini kwake na ungependa afanye nini. Kwenye vikao, mpe neno kwanza aliye kimya na wa mwisho awe mpenda ushindi. Mwambie mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa, na kwa nini. Atalikubali, hasa ukimweleza kwamba anayesema mwisho ndiye mwenye nafasi ya kuwapima wote waliotangulia.

Ukimkuta mwanamke mwenye tabia hii, jichunguze unamwitaje. Ukakamavu ambao kwa mwanamume tunauita uongozi, kwa mwanamke tunaupa majina ya kumrudisha jikoni. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma jijini Dar es Salaam kabla ya kuingia chama cha TANU katikati ya miaka ya 1950. Alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani, alikwenda moja kwa moja kwenye vikundi vya ngoma kama chake, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, wanachama na hamu ya kutopitwa na wenzao. Katika miezi michache maelfu walikuwa wamejiandikisha. Kama angesubiri kuitwa mwanamke mwenye adabu, harakati za uhuru zingechelewa.

Namna ya kusema naye

Salamu usiziruke. Hata mtu mwenye haraka namna gani, hapa kwetu salamu ni heshima, na akikosa heshima atakupiga vita kwa sababu hiyo peke yake. Lakini salamu zikiisha, weka jambo mezani. Tumezoea kuzunguka: tunaanza na samahani, tunapitia habari za watu wengine, tunasema "kuna kitu kidogo tu", na kiini tunakifikia wakati wa kuagana. Kwa mtu huyu, mzunguko huo unasomeka kama woga. Sema: "Kaka, ripoti ya Jumatano ilikuwa na makosa matatu, na mteja ameyaona. Nataka tuyarekebishe leo." Kisha nyamaza. Usijaze kimya kwa maneno ya kulainisha.

Kama ni mkubwa wako kwa umri au cheo, njia ni ile ile, adabu ndiyo inayoongezeka. "Mzee, naona tofauti na wewe kwa jambo moja, na ninaomba nilieleze." Sema jambo moja. Ukileta matano, atashika lile dhaifu na kukumaliza nalo.

Ugomvi naye ufanyike mkiwa wawili, mlango umefungwa. Mbele ya watu hawezi kukubali kosa, maana kwake watazamaji hugeuza mazungumzo kuwa pambano. Mkiwa peke yenu, wengi wao hukiri upesi kuliko watu wapole. Akikiri, usirudie kosa lake mara ya pili, na usilisimulie nje.

Kwenye ndoa kuna jambo la nyongeza. Mwenzi mwenye roho hii hugeuza kila tofauti kuwa kesi yenye mshindi: nani alisahau, nani alianza. Usiingie kwenye kuhesabu. Mwambie waziwazi, "Sishindani nawe, nataka tulimalize hili," na ukiona sauti inapanda, ahirisha kwa kutaja saa mtakayorudi kuzungumza. Taja saa hasa. Mazungumzo yaliyoachwa hewani humsumbua mpaka atafute njia ya kuyashinda.

Na watoto. Kuna mzazi ambaye hajawahi kumwacha mwanawe ashinde hata mchezo mmoja wa bao au drafti, na anajisifu kwamba anamkomaza. Anayekomazwa ni yule anayepewa nafasi inayolingana na umri wake. Mpunguzie mtoto ugumu mwanzoni na umwambie kwamba umepunguza; kila anapopanda, mwondolee nafuu kidogo. Siku atakapokushinda bila nafuu, atajua ushindi ule ni wake.

Kumpa mbio zinazofaa

Mwaka 1898 Norman Triplett wa Marekani aliona kwamba waendesha baiskeli walikuwa na kasi zaidi walipokwenda pamoja na wenzao kuliko walipokwenda peke yao dhidi ya saa. Akajaribu kwa watoto, akiwapa magurudumu ya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki wazungushe kwa haraka. Wengi waliongeza kasi walipopata mwenzao pembeni, lakini baadhi walipata mihemuko hadi mikono ikawakataa. Zaidi ya karne imepita, na bado kuna mabosi wanaobandika ukutani orodha ya nani anaongoza kwa mauzo wakitegemea kila mtu atasisimka. Mpenda ushindi atasisimka. Jirani yake huenda akashikwa na mikono ile ile ya watoto wa Triplett.

Orodha hiyo ina hatari nyingine. Kama kazi yenu inahitaji watu kupeana taarifa, mtu wenu jasiri ataanza kuzificha. Hatakuwa amebadilika tabia. Atakuwa amefuata mchezo mliomwekea. Dukani, ambako kila muuzaji ana wateja wake, orodha inaweza kufaa. Wodini, jikoni hotelini, kwenye chumba cha habari au kwenye timu ya wahandisi, ni sumu. Huko hesabu matokeo ya kundi zima, kisha mwelekeze mpenda ushindi kwa adui aliye nje: kampuni shindani, muda wa mwaka jana, kiwango cha taka, foleni ya wagonjwa.

Mpinzani mzuri ana sifa chache. Awe karibu kwa uwezo, kwa kuwa hakuna anayejituma kumshinda dhaifu. Awe anajulikana kwa jina au kwa tarakimu. Na wapinzani wasiwe wengi mno: watafiti Stephen Garcia na Avishalom Tor walionyesha mwaka 2009 kwamba watu hujituma zaidi wanaposhindana na wachache kuliko wanaposhindana na umati. Mashabiki wa kandanda wa Tanzania hawahitaji maelezo ya hili. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, ligi ina timu nyingi, lakini wiki ya watani wa jadi hakuna anayeulizia mechi nyingine.

Weka pia mwisho. Lengo lisilo na tarehe litamfanya akimbize kila kitu kwa wakati mmoja na kuwachosha walio chini yake. Mwambie: tarakimu ni hii, siku ni hii, tukifika tunapumzika wiki nzima. Kisha upumziko huo utokee kweli. Yeye hataomba, kwa hiyo uwe wewe wa kuusimamia.

Pale mwongozo huu usipofaa

Kuna mtu anayefanana na huyu kwa mbali lakini si yeye. Kumtofautisha, angalia anavyowatendea wasioweza kumjibu: mlinzi getini, dereva, msichana wa usafi, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mshindani wa kweli hana haja nao. Hashindani na asiye na silaha, na mara nyingi ni mkarimu kwao kupita kiasi. Anayewadhalilisha wanyonge na kunyenyekea kwa wakubwa ni mnyanyasaji, na kwake haya ya kusimama imara na kusema waziwazi hayatoshi. Andika tarehe, maneno na mashahidi. Peleka kwa wenye mamlaka juu yake. Kwa Tanzania, mgogoro wa kazi ulioshindikana ndani ya ofisi unaweza kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usipoteze miaka yako ukitafuta namna ya kumwelewa.

Kama mtu huyo ni wewe

Mwishoni mwa miaka ya 1950, madaktari wa moyo Meyer Friedman na Ray Rosenman wa San Francisco walieleza aina ya tabia waliyoipa herufi A: haraka ya kudumu, ushindani na uhasama. Walifuatilia wanaume zaidi ya 3000 wa California, wakaona wenye tabia hiyo walipata maradhi ya moyo takriban mara mbili ya wenzao. Habari hiyo ilienea duniani na wengi wakaambiwa kasi itawaua. Uchunguzi uliofuata ulileta picha nyingine. Mwaka 1988, wanaume wale wale waliokuwa wameshapata maradhi ya moyo walipochunguzwa tena, wenye tabia A hawakuonekana kufa zaidi ya wengine, bali walionekana kuishi zaidi. Wengi wa watafiti sasa wanatazama sehemu moja ya tabia hiyo, hasira na uhasama. Kwa hiyo usione haya kwa sababu ya kasi yako. Kinachohitaji kuchungwa ni dharau unayoihisi kwa walio polepole na hasira inayobaki kifuani baada ya kikao kuisha. Na presha ipimwe, hata kama unajiona mzima. Wewe ndiye mtu wa mwisho kwenda hospitali.

Kukimbia mbele kuna gharama. Kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, Bayi aliongoza fainali ya mita 3000 za kuruka viunzi na maji kwa pengo kubwa, kwa mtindo wake ule ule. Bronisław Malinowski wa Poland alimfikia na kumpita kwenye mzunguko wa mwisho. Bayi alipata fedha, mojawapo ya medali mbili za kwanza za Olimpiki za Tanzania. Nyingine ni ya Suleiman Nyambui, mwaka huo huo. Nyambui alipata yake kwenye mita 5000. Mimi siiiti Moscow kosa. Mtu anayeongoza tangu mwanzo anajua kwamba siku moja miguu itakataa kabla ya mstari, na anakubali. Swali lako ni kama umekubali kwa kujua, au unakimbia hivyo kila siku, katika kila jambo, hadi foleni ya benki, kwa sababu hujui namna nyingine.

Basi chagua. Andika mambo unayoshindana nayo sasa hivi, yote, hata yale ya aibu: shemeji mwenye gari jipya, mwenzako wa darasani aliyepandishwa cheo. Bakiza mawili ambayo ukishinda maisha ya mtu fulani yatabadilika. Mengine yaache, na ukijikuta umeyarudia, taja kimoyomoyo kwamba hilo uliliacha.

Mtafute pia mtu mmoja mwenye ruhusa yako ya kukuambia hapana. Mpe ruhusa hiyo kwa maneno, mbele ya mwenzi wako au mshirika wako wa biashara. Mkubaliane kwamba akisema, utangoja hadi kesho asubuhi kabla ya kuamua. Siku ya kwanza atakapoitumia utakasirika na utataka kumwonyesha kwamba amekosea. Mshukuru, nenda kalale, na uamuzi ule usiuguse mpaka kuche.